Sikukuu Hii Usimpe Shati 'Mgonjwa' wa Kompyuta!

DESEMBA imeshabisha hodi, mpenzi msomaji, na kama kawaida yetu mifuko imeanza kulia. Huku nguo za watoto, huku mchele wa pilau, huku tiketi ya basi la kwenda kuwaona wazee Moshi au Bukoba, halafu bado kuna lile suala la zawadi ambalo ukilichezea unaanza mwaka mpya na mtu amekununia.

Kwa wengi zawadi si kazi. Mama ukimpa doti ya khanga yenye maneno matamu, umemaliza. Baba mpe shati la mikono mirefu. Shangazi mpe seti ya vikombe, hata kama anazo nyingine tano kabatini ambazo tangu aolewe hakuna aliyewahi kunywea chai. Kasheshe inaanza ukifika kwa yule mmoja ambaye siku hizi kila nyumba inaye: mgonjwa wa kompyuta.

Unamjua. Jumamosi wenzake wako Coco Beach wanakula mihogo, yeye amefungua laptopu ya mtu kwa bisibisi, skrubu kazipanga kwenye kisosi. Usiku wa manane ukipita mlangoni kwake unaona mwanga wa bluu unatokea chini ya mlango. Ukimwambia kompyuta yako imekuwa nzito anasahau hata kula. Na tusidanganyane kwamba ni wavulana tu, maana masista wanaobomoa na kujenga kompyuta sasa wapo tele, na hao ndio wananuna zaidi ukiwaletea manukato.

Huyo ukimpa shati atashukuru kwa adabu zote, atalikunja vizuri, na Pasaka utalikuta bado liko kwenye mfuko wake. Siyo dharau jamani. Kichwa chake kiko kwingine.

Sasa wewe mwenye mapenzi ya dhati unasema, aa, mwaka huu namkomesha, namnunulia kitu cha kompyuta. Unashuka Kariakoo tarehe 23, jua kali, watu wanakanyagana pale Msimbazi, hujui unachotafuta, na uso wako unasema hujui. Winga anakuona toka mbali. Anakuita dada, anakuita mrembo, anakuita mteja wangu wa siku zote wakati ndiyo mara ya kwanza mnaonana. Ukitoka hapo una mfuko, lakini kilichomo ndani Mungu ndiye anajua.

FLASHI YA MAAJABU

Shoga yangu mmoja, jina tuliache, yalimkuta. Alikuwa na mchumba aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni, kijana ambaye kwa kompyuta humwambii kitu. Bibiye akadunduliza pesa ya upatu, akaenda akanunua flashi. Si flashi ya mchezo, flashi ya TB 2! Muuzaji alikuwa kaipanga mezani pamoja na chaja na miwani, bei elfu thelathini. Akamchomekea kwenye laptopu pale pale, kweli, ikaandika TB 2. Ikafungwa kwenye karatasi ya maua, Krismasi ikatolewa, mabusu yakatolewa, kila mtu roho nyeupe.

Yule kijana naye kwa furaha akahamishia humo kila kitu. Masomo yake, miziki yake, na picha za marehemu baba yake ambazo zilikuwa kwenye simu ya zamani iliyokuwa inakata roho. Februari akafungua. Majina ya picha yote yapo, yamejipanga moja baada ya nyingine. Ukibonyeza, hakuna kinachofunguka hata kimoja. Masomo aliyapata kwenye barua pepe alizomtumia mwalimu wake. Uchumba haukuvunjika. Lakini zile picha hazikurudi mpaka leo.

Ujanja wake ni mwepesi na unatia hasira. Ndani ya flashi kuna chipu ya kutunza vitu, na kuna kachipu kengine ambako kazi yake ni kuiambia kompyuta "mimi ukubwa wangu ni kiasi hiki". Matapeli wanaweka chipu ndogo, ya GB 16 au 32, halafu wanakafundisha kale kachipu kengine kaseme uongo. Kompyuta haina macho ya kupekua ndani, inaamini inachoambiwa. Ukijaza vitu vinaingia bila kelele yoyote, ila zile GB za kweli zikishajaa, vinavyofuata vinatupwa hewani au vinaandikwa juu ya vile vya mwanzo. Ndiyo maana mwanzoni kila kitu ni safi, na siku ya kulia ni baadaye wakati muuzaji ameshahamisha meza.

Flashi ya TB 2 ya kweli ipo, sikatai. Kampuni ya Kingston ilitangaza ya kwake mwanzoni mwa mwaka 2017, na bei yake ilikuwa ya kununulia laptopu nzima. Siku hizi vyombo vya kutunzia vimeshuka bei kuliko wakati ule, lakini havijashuka mpaka vikawa sawa na ndala. Kwa hiyo ukiona TB 2, au TB 16, kwa bei ya sahani ya biriani, geuza njia. Kama ni flashi unataka kutoa, chukua ndogo ya GB 32 au 64 yenye jina linalojulikana, dukani, kwa risiti. Haina mbwembwe lakini itatunza unachoitunzisha.

Na kuna kipimo. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw kwa kompyuta za Windows, na nyingine inaitwa F3 kwa wa Linux na Mac. Zinaijaza flashi mpaka pomoni halafu zinasoma tena kilichojazwa. Kama kuna uongo unajulikana. Kwa flashi kubwa inachukua saa nyingi, hivyo pima nyumbani siku mbili tatu kabla ya kufunga zawadi. Mwambie muuzaji mapema, "kaka, hii nakwenda kuipima, ikiwa feki narudi nayo". Ukiona anaanza kufoka kabla hata hujatoa pesa, jibu umeshalipata.

UPELELEZI KWANZA

Hakuna kununua kifaa cha kompyuta bila kujua kompyuta yenyewe. Ni kama kumnunulia mtu viatu hujui namba ya mguu wake. Na huwezi kumuuliza maana atashtuka. Basi fanya hivi: subiri akienda kuoga, geuza laptopu yake chini juu, piga picha kile kibandiko chenye jina na namba ya modeli. Usitingishe, usifungue kitu, na kama imewashwa na kuna maandishi yanatembea kwenye skrini, tafadhali usiiguse kabisa, maana huenda kuna kazi alianza tangu jana. Ukiwa na picha hiyo kwenye simu hata ukikutana na winga mwenye mdomo wa asali unamwonyesha tu, unasema nataka kinachoingia humu.

Sasa tuje kwenye zawadi zenyewe. Mimi ningeambiwa nitaje moja tu, ningetaja SSD. Kompyuta nyingi za zamani tulizo nazo Bongo zina hadi diski, ambayo ndani yake kuna visahani vinavyozunguka, vile vya laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kasindano kanakimbia huku na huku kutafuta ulichoomba. Ndiyo maana ukiwasha unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi bado inajikuna. SSD haina kinachozunguka. Hadi diski ya laptopu husoma MB mia moja hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida inafika mia tano na ushee. Mtu mwenye laptopu ya miaka minane akiwekewa SSD atakuambia umemnunulia kompyuta mpya, na hatakuwa anakupamba.

Ila umbo liangalie. Kuna SSD kama kijidaftari chembamba, ya inchi 2.5, hiyo inakaa pale pale ilipokuwa hadi diski. Na kuna inayofanana na kipande cha bigijii, inaitwa M.2. Hapa ndipo wengi wanaumbuka, maana hizo za bigijii nazo ziko za aina mbili, SATA na NVMe. Ukiziangalia ni kama mapacha, lakini laptopu inayotaka SATA haitaitambua NVMe, na kinyume chake vile vile, isipokuwa zile chache zinazokubali zote mbili. Ile picha uliyopiga ndiyo itakuokoa.

Zawadi ya pili ni memori, ile wenyewe wanayoita RAM. Utamu wake ni kwamba mgonjwa wa kompyuta hata siku moja hasemi memori inamtosha. Ubaya wake ni kwamba haivumilii kukosea. Ya laptopu ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. Halafu kuna DDR3, DDR4 na DDR5, na kila moja ina kikato chake mahali pake ili isiingie kwenye nyumba ya mwenzake. Ukilazimisha unavunja. Na ziko laptopu ambazo memori imegandishwa kwenye ubao moja kwa moja, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. MacBook zote za chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, ni za namna hiyo. Ukimnunulia memori mwenye MacBook ya aina hiyo umemnunulia pambo la kioo cha kabatini.

Jingine la kujua ni kwamba bei ya memori ilipanda kwa nguvu duniani kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025, kwa sababu makampuni ya akili mnemba yalizikomba kwa ajili ya mitambo yao. Kwa hiyo kama rafiki yako alikununulia kwa bei poa mwaka 2024, usiende na bei hiyo kichwani ukadhani muuzaji anakuibia. Na ukikuta ya bei ya kutupwa wakati wengine wote wako juu, hapo ndipo pa kujiuliza.

MWENYE VIJISENTI VICHACHE

Najua wengi wetu tuko hapa. Usione aibu. Mgonjwa wa kompyuta ana tabia moja nzuri sana, hapimi mapenzi kwa bei. Mletee seti ya bisibisi ndogo, zile zenye vichwa vingi vingi pamoja na vile vya nyota, uone atakavyokukumbatia. Kwa miaka yote amekuwa anatumia kisu cha mboga cha mama yake.

Au mletee brashi na kipulizio cha kutolea vumbi. Dar hii vumbi letu, na chumvi ya bahari, na joto, vinaiua kompyuta polepole. Feni ikishajaa uchafu, prosesa inapata homa, na ikipata homa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ukiongeza na kale katyubu ka dawa ya kupoza prosesa, ile nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma chake, atajua kabisa kwamba umefanya utafiti. Ni kazo kadogo kama ka dawa ya macho.

Kipanya kizuri nacho hakitupwi. Waya wa HDMI, waya wa kuchajia ulio imara, hivyo vinapotea kila siku kama vijiko. Hata bando ni zawadi, tena sana. Magemu ya siku hizi, kama yale ya Call of Duty, yanapita GB 100. Fikiria mtu anasubiri Krismasi nzima apakue gemu la GB 100 kwa vibando vya siku! Ukimrushia bando nono la mwezi, tena asubuhi ya tarehe 25 kabla hata hajaamka, utasikia kelele toka chumbani kwake. Akitumia duka la Steam, kila Desemba wanashusha bei za magemu, kwa hiyo hata ukimpa pesa taslimu aende mwenyewe akachague hujakosea.

Ila kadi za zawadi za mtandaoni, angalia ni za nchi gani. Kadi ya Google Play ya Marekani haikubali kwenye akaunti ya Tanzania. Unalipa dola zako, anabaki anaitazama.

Kibodi je? Ah, hapa nina neno. Kuna hizi kibodi za mekanika ambazo kila kitufe kina springi yake. Wagonjwa wanazipenda kama mzee anavyopenda redio yake. Ziko za swichi za bluu, nyekundu na kahawia, na hizo rangi si pambo. Bluu inalia ta-ta-ta-ta kama mashine ya kuchapa ya mahakamani. Nyekundu inateleza kimya. Kahawia iko katikati, unasikia kabonyeo kadogo kidoleni bila makelele. Sasa kama mpenzi wako amepanga chumba uswahilini, ukuta mmoja na mama mwenye kichanga, halafu wewe ukamletee bluu, umemchonganisha na nyumba nzima. Na kama mmeoana na mnalala chumba kimoja na hiyo kompyuta, ni wewe utakayekesha. Nunua nyekundu.

Kwa mdogo wako wa sekondari ambaye anapenda kuchokonoa vitu, iko Raspberry Pi. Ni kompyuta nzima kwenye ubao wa ukubwa wa kadi ya benki. Ilitoka Uingereza, ikaanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, na ile ya mwanzo kabisa, modeli B, iliuzwa dola 35. Anaichomeka kwenye TV ya sebuleni, anajifunzia kuandika programu, anawashia taa, anatengenezea vitu vya ajabu. Ila usimpe ubao mtupu. Inataka kadi ya memori, inataka chaja yenye nguvu ya kutosha, na zile namba 4 na 5 zina tundu dogo la HDMI ambalo waya wa kawaida hauingii. Mtoto akipewa ubao bila hivyo vingine, Krismasi yake ni ya kuangalia picha iliyo kwenye boksi.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Ukiwaambia wazee wetu kwamba unanunua kompyuta iwe zawadi, wengine wanashangaa na wana sababu. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye, kidogo kidogo. Baba zetu wamekua wakati kompyuta ni mali ya ofisi kubwa, iko chumba cha peke yake chenye kiyoyozi, unavua viatu kabla ya kuingia. Leo binti anaibeba kwenye mkoba pamoja na lipstiki. Basi mzee akiguna, msamehe.

MWENYE MKWANJA MNENE

Wapo, na tunawasalimia. Wewe umeamua laptopu nzima, na kwa kuwa mpya ni ghali umelenga iliyotumika, toka Dubai au Ulaya. Hakuna ubaya, nyingi zilikuwa za maofisi na zilitunzwa. Ila kuna mambo ya kutazama na muuzaji hatakutajia.

Kwanza, namba ya prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane na kuendelea. Utajuaje? Tazama namba baada ya neno i5 au i7. Ikiwa i5-8250U, ile nane ya mbele ndiyo kizazi. Ikiwa i5-4300U ni kizazi cha nne, haimo. Ukikuta imeanza na 10, 11 au 12, basi hizo mbili za mwanzo ndizo kizazi, na uko salama. Watauza za kizazi cha nne zimeng'arishwa mpaka unajiona usoni, na watakuambia "dada hii ni i7!" kana kwamba i7 ni cheo cha maisha. Uliza kizazi. Ukiuliza tu hivyo utaona sauti inabadilika.

Sitasema kwamba za zamani ni takataka. Wagonjwa wenyewe wengine wana mahaba ya ajabu na ThinkPad za zamani, wanaziwekea Linux na zinakimbia vizuri tu. Lakini hiyo ni starehe ya mtu anayejichagulia mwenyewe. Zawadi unayotaka mtu aitumie kwa kazi na masomo, chukua inayopata ulinzi mpya kila mwezi.

Pili, betri. Muuzaji atakuambia inakaa saa sita. Fungua lile dirisha jeusi la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, itakutengenezea ripoti. Humo kuna uwezo betri iliozaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Kama umebaki nusu, bei nayo ishuke, au akuwekee nyingine. Tatu, izime uiwashe mbele yako, uingie kule kwenye mipangilio ya chini kabisa kwa kubonyeza F2 au F10, kutegemea kampuni. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo mezani, maana kuna za makampuni ambazo zimefungwa na mwenyewe wa kwanza, na hiyo kufuli ukishapewa ni ya kwako.

Na kwa kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani, geuza nyuma. Baadhi zina kaswichi kekundu kenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 halafu ukachomeka ukutani, utasikia "paa!", moshi, harufu, sherehe imekwisha kabla ya pilau kuiva.

HALAFU KUNA UMEME

Nimeacha UPS mwisho kwa makusudi, maana ndiyo zawadi ambayo haina sura ya zawadi. Ni boksi jeusi, zito, halina taa za kupendeza. Lakini mgonjwa wa kompyuta ya mezani anaishi kwa hofu moja tu, umeme kukatika. Ameandika kazi kwa saa tatu, hajaihifadhi, pwaa, giza. Na mara nyingine hatari kubwa ni pale umeme unaporudi kwa kishindo kuliko ulipokatika. Kile kifaa cha kulindia friji kinasaidia umeme ukichezacheza, ila ukikatika nacho kinalala na wewe. UPS ina betri ndani. Umeme ukienda, yenyewe inashika. Usitegemee iendeshe kompyuta mpaka asubuhi, ndogo hizi za nyumbani ni dakika chache tu, tano, kumi, kumi na tano hivi. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Mwenye laptopu haihitaji sana kwa sababu ana betri yake, kwa hiyo usimnunulie yeye.

Betri ya UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano hata kama haikutumika sana. Kwa hiyo usinunue iliyokaa dukani mpaka boksi limepauka. Mwambie muuzaji aichomeke, awashe kompyuta, halafu achomoe ukutani mbele ya macho yako. Ikizima papo hapo, asante kaka, tutaonana.

Kuhusu kununua wapi, mjini kuna maduka ya Posta yenye bei ya juu kidogo lakini yana waranti na unajua mlango wake uko wapi, na kuna Kariakoo ambako kwa mtu mwenye macho vitu ni vile vile kwa bei nafuu. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana Luthuli yao. Wa kuagiza China kwa mtandao, kama mzigo haujapanda ndege sasa hivi, hesabu kwamba ni zawadi ya Wapendanao. Popote utakapokwenda, nenda mapema, asubuhi, siku ya kazi, kabla ya ile wiki ya vurugu. Dai risiti yenye jina la kifaa na namba yake, siyo kile kikaratasi kilichoandikwa "vifaa mbalimbali". Na muulize mapema kama kisipoingia kwenye mashine ya mtu wako utabadilishiwa mpaka lini. Akisema "mpaka kesho" wakati zawadi inafunguliwa wiki ijayo, mwandikishe tarehe kwenye risiti au nenda duka la pili.

Boksi usilitupe, kile kibandiko cha waranti usikibandue hata kama kinaharibu sura ya karatasi ya maua. Na wewe uliyechagua UPS, ichaji kwanza saa sita hadi nane, kisha ZIMA kabla hujaificha chini ya kitanda. Maana wapo wanaochomoa tu ukutani wakidhani imelala, kumbe iko macho, na saa saba za usiku inaanza kupiga pi, pi, pi, nyumba nzima inaamka kutafuta panya gani huyo.